Wengi Wape, Lakini Wengi ni Wangapi?

Kiswahili kina sheria ya uchaguzi fupi kuliko katiba yoyote niliyowahi kusoma: wengi wape. Maneno mawili tu, hayana ibara wala jedwali. Ila ibebe methali hiyo uipeleke mahakamani, uone. Swali la kwanza utakaloulizwa ni wengi hao ni wangapi. La pili, wapewe nini. Hapa Kenya tumelibishania lile la kwanza tangu vyama vingi virudi: kwa kalamu, kwa mawe na kwa mawakili. La pili huwa tunaliruka. Mimi nitaanza na la kwanza kwa sababu lina vituko vyake, na kwa sababu usipolipitia huwezi kuona uzito wa la pili.

Nenda Malawi. Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei. Katiba yao ilisema rais achaguliwe na wengi, na kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba kuwa na wengi ni kuwazidi wenzako tu. Februari 2020 majaji wakaufuta uchaguzi ule. Walitaja, pamoja na mengine, fomu zilizopakwa ule wino mweupe wa kufutia makosa, halafu wakasema wengi ni zaidi ya nusu. Neno halikubadilika hata herufi. Maana yake ndiyo iliyohama. Juni mwaka huohuo Lazarus Chakwera akashinda kwa karibu asilimia 59. Jirani zetu Watanzania waliipita njia hiyohiyo kinyumenyume. Sharti la zaidi ya nusu lilikuwamo katika Katiba yao mpaka marekebisho ya 13 ya mwaka 2000 yalipoliondoa, na sasa anayewapita wenzake hata kwa kura moja ndiye rais. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka kulirudisha. Rasimu ile iko ilipo, sina haja ya kueleza.

Kisa ninachokipenda zaidi lakini ni cha Nigeria, 1979. Sheria ilimtaka mshindi awe na robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo, ili mtu asiwe rais kwa nguvu za kwao tu. Majimbo yalikuwa 19. Sasa hebu wewe chukua kalamu: theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Jimbo halikatwi vipande kama muhogo. Shehu Shagari alikuwa na robo yake katika majimbo 12, na jimbo la 13, Kano, alipata karibu asilimia 20. Tume ikasema inatosha, kwa sababu robo inatakiwa katika theluthi mbili za Kano, si Kano yote. Obafemi Awolowo akaenda mahakamani, akashindwa. Nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika ikapata rais kwa desimali.

Watu hucheka nikiwahadithia, na mimi hucheka nao, ila nyuma ya ile hesabu kuna wazo la heshima. Nigeria ilikuwa imetoka kwenye vita vya Biafra miaka tisa tu iliyopita. Walioandika sharti lile walikuwa wanasema wingi peke yake hautoshi, hata kama ni wingi wa kweli. Watu milioni kumi wa upande mmoja si sawa na watu milioni kumi waliosambaa nchi nzima. Ukikubali hilo umeshatoka kwenye methali yetu, kwa sababu methali haiulizi wengi wako wapi.

Sisi tulilipata sharti la namna hiyo 1992: robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Inafaa kukumbuka kwamba kabla ya Desemba 29 mwaka huo hakuna Mkenya aliyewahi kusimama mbele ya debe akachagua kati ya wagombea urais wawili. Miaka 29 ya uhuru. Jomo Kenyatta hakuwahi kupambana na mtu kwenye karatasi ya urais, na Moi naye alipita bila kupingwa hadi hapo. Basi mara ya kwanza tulipoulizwa tunamtaka nani, karibu theluthi mbili walisema si Moi. Na Moi akawa rais, kwa asilimia 36 hivi. Matiba, Kibaki na Odinga waligawana waliobaki, na ile robo ya mikoa mitano ni yeye peke yake aliyeifikisha. Sharti lililokusudiwa kumzuia mtu wa eneo moja likamsaidia mtu aliyekuwa na machifu kila eneo.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 ikaweka vyote viwili: zaidi ya nusu ya kura zote, na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Mtu asipofikisha, raundi ya pili ndani ya siku thelathini. Raundi hiyo hatujawahi kuiona. Kila mwanasiasa anaiogopa, hivyo kila mtu huhakikisha amefunga hesabu zake mapema, kwa miungano ile yenye majina ya kufurahisha, ambayo kwa kweli ni mikataba ya kugawana nyumba kabla haijajengwa. Mwaka 2022 tulijua kabla ya kupiga kura kwamba kuna vyama vilivyoahidiwa asilimia 30 ya serikali. Asilimia 30! Kama shamba la minazi.

Na hata "kura zote" si maneno mepesi. Machi 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07, kama kura elfu nane tu juu ya mstari. Mahakama ya Juu ikaulizwa: zile kura zaidi ya laki moja zilizokataliwa, zihesabiwe katika jumla au la? Zikitolewa, asilimia ya mshindi inapanda. Majaji wakasema kura iliyokataliwa si kura, itolewe. Kisheria huenda ni sawa. Lakini fikiria mama aliyeamka saa kumi usiku akapanga foleni na mtoto mgongoni, akatia alama nje ya kisanduku kidogo. Au yule aliyechora mstari juu ya karatasi nzima kwa makusudi, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyemwona anafaa. Huyu wa pili alikuwa na jambo la kusema, tena zito. Hesabu ikamrudisha nyumbani kama mtu ambaye hakuja. Lugha yetu inamtendea haki zaidi kuliko hukumu: tunaiita kura iliyoharibika. Imeharibika, sawa, ila bado ni kura.

Wapo wasomi wanaosema tatizo liko kwenye karatasi yenyewe. Tangu Condorcet alipoandika 1785, inajulikana kwamba ukiwa na wagombea watatu unaweza kukuta wengi wanampenda wa kwanza kuliko wa pili, wengi wa pili kuliko wa tatu, na wengi, la ajabu, wa tatu kuliko wa kwanza. Yaani "matakwa ya wananchi" yanaweza kuzunguka kama mbwa anayekimbiza mkia. Dawa inayotajwa sana ni kupanga wagombea kwa daraja: chaguo langu la kwanza fulani, wa pili fulani. Ireland wanachagua rais hivyo. Sri Lanka pia, na Septemba 2024, kwa mara ya kwanza katika historia yao, walilazimika kuzihesabu hizo chaguo za pili, maana Anura Kumara Dissanayake aliongoza kwa asilimia 42 tu.

Kwa muda niliipenda sana dawa hiyo. Jioni moja Mji wa Kale, Mombasa, nikamweleza mzee mmoja anayeuza kahawa chungu, mtu ambaye hajakosa uchaguzi tangu 1992. Nilitumia vikombe vyake kama wagombea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikishindwa nataka nijue nimeshindwa na nani, na kwa ngapi. Huko kwako nitashindwa na hisabati."

"Lakini ami, ndiyo haki zaidi."

"Haki nisiyoweza kuihesabu mwenyewe, nitajuaje kama nimepewa?"

Nimelifikiria jibu lile kuliko vitabu vyote nilivyosomeshwa chuoni juu ya demokrasia. Na kuna jozi ya tarakimu inayonifanya niamini kwamba mzee alishika kitu. Mwaka 2007, kwa hesabu iliyotangazwa, Kibaki alimshinda Raila kwa kura 231,728. Mwaka 2022 Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211. Zitazame tena. Ni pengo lilelile, tofauti haijai uwanja mdogo wa mpira. Mara ya kwanza Kibaki aliapishwa Ikulu jua likizama, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka huo, na nakumbuka redio ikiwashwa kutwa kwetu na hakuna aliyekuwa akizungumza. Mara ya pili kulikuwa na vurugu za meza kule Bomas, makamishna wanne wakajitenga na matokeo, watu wakanuna, wakaenda Mahakama ya Juu, majaji saba wakasema kwa sauti moja, wakarudi makwao.

Nini kilibadilika? Si kwamba tulipendana zaidi. Tume ya Kriegler ilipochunguza ule wa 2007 ilisema takwimu zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Hebu kaa na sentensi hiyo kidogo. Watu walikufa kwa ajili ya jibu ambalo halikuwapo. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, na mwenye simu na subira angeweza kuzijumlisha. Wanafunzi walizijumlisha, mabloga walizijumlisha. Vyombo vya habari vilianza vizuri, kila kimoja kikawa na tarakimu zake, vikapishana, kisha vikapunguza mwendo kwa namna ambayo sisi wa kazi hii bado hatujaieleza vizuri. Lakini fomu zilibaki pale. Nilikuwa kwenye kituo cha kujumlishia cha eneobunge moja la Pwani usiku ule, na wakala wa upande ulioshindwa alikuwa amekaa chini na daftari la shule la kurasa 48, anaandika kituo kwa kituo. Saa tisa usiku alifunga daftari akasema, "Hapa kwetu ni hivyo." Hakufurahi, ila hakuwa na la kubisha, kwa sababu jumla ilikuwa ya mkono wake.

Kwa hiyo mimi naegemea hapa: njia ya kumchagua rais ipimwe kwanza kwa aliyeshindwa, si kwa mshindi. Mshindi atakubali njia yoyote, hata ya kurusha shilingi. Anayepaswa kuridhishwa ni yule wakala na daftari lake. Njia nzuri kimantiki ambayo yeye hawezi kuifuatilia kwa kalamu itamwacha na shaka, na shaka katika nchi hii ina bei tunayoijua. Labda Ireland watu wanaamini tume yao hata wasipoelewa hesabu. Sisi bado hatujafika, tusidanganyane.

Kuna wanaotaka tuachane na haya yote, rais achaguliwe na Bunge. Afrika Kusini wanafanya hivyo. Mwaka 2024 chama cha ANC kilipata asilimia 40, viti 159 kati ya 400, na Juni 14 Cyril Ramaphosa akachaguliwa tena kwa kura za wapinzani ambao wiki chache nyuma waliwaambia wapigakura wao wamkatae. Mkataba ulikuwa ukisainiwa wabunge wakiwa tayari wamekaa kikaoni. Hakuna aliyechoma tairi. Wenye hoja hii husema kwamba mapatano yapo kila mahali, bora yafanyike baada ya kura, kwa idadi inayojulikana, kuliko kabla ya kura, hotelini. Ni hoja nzuri na sijapata jibu lake kamili. Nilicho nacho ni kumbukumbu ya Naivasha, Januari 2010. Rasimu ya wataalamu ilikuwa na waziri mkuu mwenye mamlaka kutoka bungeni. Kamati ya wabunge ikakutana kule, ikamwondoa. Wananchi hawakuandamana kumtetea. Waulize kwa nini, watakujibu kwa swali: mbunge wangu namjua, nimkabidhi na rais pia? Kura ya urais ndiyo siku pekee ambayo bosi na mlinzi wake wako sawasawa kabisa, kidole kwa kidole. Kuwaambia watu waitoe hiyo wapewe ufanisi ni kuwaomba kitu kikubwa.

Sasa lile swali la pili.

Mwaka 2013 mchambuzi Mutahi Ngunyi alisema, kwa ufupi, kwamba uchaguzi ulikwisha siku daftari la wapigakura lilipofungwa. Jumlisha jamii mbili kubwa, basi. Watu walimkasirikia, na mimi nilimkasirikia, lakini hasira yetu haikuwa kwamba amekosea hesabu. Ni kwamba alisema wazi kuna Wakenya ambao wingi hautawafikia kamwe. Sensa ya 2019 ilikuta watu 143,920 Lamu na karibu milioni 4.4 Nairobi. Katika lile sharti la kaunti 24, Lamu na Nairobi ni sawa, moja kwa moja, na kwa sababu hiyo nalipenda. Ila halijamzuia mtu. Mwaka 2022 Ruto alipata robo yake kaunti 39 na Raila 34. Ukuta ambao kila mtu anauruka ni kizingiti.

Nilipokuwa nikiwaza haya nilirudi kwenye Shamba la Wanyama. Wengi hukumbuka mbao, nguruwe na pombe. Mimi hukwama mwanzoni kabisa, kabla ya mapinduzi, pale wanyama wanapoulizwa kama panya ni wenzao au la. Wanapiga kura. Wengi wanasema ni wenzao. Wanaopinga ni mbwa watatu na paka, na baadaye inagundulika paka alipiga pande zote mbili. Wasomaji humcheka paka, kwa haki, maana tunao wengi bungeni. Lakini hebu mtazame panya. Muda mfupi tu kabla ya kura mbwa walikuwa wamewarukia, wakaponea mashimoni. Sasa kuishi kwao kunaamuliwa kwa mikono ya wengine. Walibahatika, wengi walikuwa na huruma siku ile. Kura ilikuwa halali, hesabu wazi, mshindi kwa kishindo, na bado nikisoma natokwa na jasho, kwa sababu swali lenyewe halikupaswa kupigiwa kura.

Ndipo ninapoona kwamba mjadala wa asilimia ngapi unaficha mjadala wa kikombe kina nini. Zamani kilikuwa na kila kitu: barabara, kazi ya karani wa posta, hati ya shamba. Mtu akishindwa urais, eneo lake lilishindwa maji. Katika hali hiyo hakuna asilimia ya haki. Hata 90 ingekuwa dhuluma kwa wale kumi. Katiba ya 2010 ilipunguza. Kaunti zinapata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Pwani imekuwa ikimpigia Raila kwa wingi mara tatu, ikashindwa mara tatu, ila haikukosa magavana wake. Nadhani hilo lilituliza watu 2022 karibu sawa na zile fomu mtandaoni. Ukishindwa na bado hospitali ya kaunti iko mikononi mwa uliyemchagua, unaweza kulala.

Vigogo wao wana tafsiri yao ya kupunguza. Mpango wa BBI, uliozimwa mahakamani Machi 2022, ulitaka kurudisha cheo cha waziri mkuu. Ripoti ya mazungumzo ya kitaifa ya Novemba 2023 nayo ikataka waziri mkuu na kiongozi rasmi wa upinzani. Kila tukishindana sana, dawa inayoletwa ni kiti. Viti vina hesabu nyepesi: aliyeshindwa anakaa, anakunywa chai. Waliompigia hawakai popote. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana na kuuawa, vigogo wa ODM waliteuliwa mawaziri katika serikali ambayo wafuasi wao walikuwa wameikataa debeni miaka miwili kabla, na mmoja wao alikuwa gavana wa zamani wa hapa Mombasa. Wale asilimia 48.85 wakaamka wamo serikalini, na hakuna aliyewauliza.

Wiki ile nilipita vijiwe kadhaa vya Mombasa kutafuta maoni ya habari yangu. Kijana mmoja wa boda boda, Kisauni, aliniambia hatimaye tumefika mezani. Mwenzake, waliyekuwa wakishiriki pikipiki moja kwa zamu, akamuuliza, "Sisi, au yeye?" Wakaendelea kubishana, abiria akaja, wakamgombania.